Kupima joto la kuchemka maabarani: kapilari, ukenekaji na hesabu ya mwinuko

Kimiminika kisichojulikana kimepimwa, kimechemka kwa digrii 77.3 za Selsiasi. Mtu aliye Mombasa akifungua jedwali ataona ethili asetati 77.1 na ethanoli 78.3, na atakuwa amekaribia jibu. Mtu aliye Nairobi akisoma jedwali hilohilo kwa namba hiyohiyo atataja jina lisilo lake, kwa sababu kwenye mwinuko wa Nairobi kinachochemka kwa 77.3 ni propani-2-oli, ile spiriti ya kusafishia ngozi, ambayo vitabuni imeandikwa 82.3. Ethili asetati yenyewe huko huchemka karibu na 71, na ethanoli karibu na 73.4.

Ndiyo maana mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kwa hewa kuliko kwa vioo. Kimiminika huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa iliyokizunguka. Hewa ikiwa nyepesi, kimiminika hakihitaji joto jingi kufika hapo. Namba za vitabuni karibu zote ni za mgandamizo wa milimita 760 za zebaki (mmHg), yaani hektopaskali (hPa) 1013.25. Kipimo kisichoandikwa pamoja na mgandamizo wake hakimfai mtu mwingine yeyote.

Chagua njia kwa kiasi ulichonacho

Ukiwa na chini ya mililita 5, tumia njia ya kapilari, yaani neli nyembamba sana ya kioo, ambayo mkemia Siwoloboff aliieleza mwaka 1886 na bado imo kwenye mwongozo namba 103 wa kupima kemikali wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri. Inahitaji mililita 0.3 hadi 0.5 tu. Ukiwa na mililita 30 au zaidi, keneka, yaani geuza sampuli kuwa mvuke kisha uupoze uwe kimiminika tena: utapata joto la kuchemka na papo hapo utaona kama sampuli ni safi. Katikati ya hapo kapilari bado ni bora, kwani kukeneka mililita 10 kwenye vioo vikubwa huacha nusu ya sampuli imelowa kuta za chupa na kipimajoto kinakosa mvuke wa kutosha kukizunguka.

Maabara zinazotafuta usahihi wa sehemu ya kumi ya digrii hutumia ebuliometa, chombo kinachorushia mvuke na kimiminika kwa pamoja juu ya kipimajoto kwa pampu ya mvuke aliyoibuni Cottrell mwaka 1919. Kwa shule, chuo na kiwanda kidogo si lazima.

Kabla ya kuwasha chochote

Vimiminika vingi vinavyopimwa hivi vinashika moto. Ethanoli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto ikiwa na digrii 13 tu, asetoni ikiwa −20, daiethili etha ikiwa −45. Mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa. Hutambaa juu ya meza hadi kwenye mwali ulio mbali. Etha pia hujiwasha yenyewe ikigusa kitu chenye digrii 160 hivi, na uso wa jiko la umeme la maabara hufika hapo bila shida. Basi kwa sampuli zinazochemka chini ya 80 weka mwali kando kabisa. Tumia bika ya maji juu ya jiko la umeme lenye kukorogea, na kwa etha maji ya moto yaletwe kutoka chumba kingine.

Etha na tetrahaidrofurani zilizokaa kwenye chupa iliyofunguliwa zamani hujenga peroksaidi. Hizi hazichemki pamoja na etha, hubaki chini na kujikusanya, na chupa ikikauka hulipuka. Jaribu kwanza kwa karatasi ya iodidi ya potasiamu na wanga iliyoloweshwa kwa maji. Ikigeuka buluu, usipashe moto sampuli hiyo. Na kwa kimiminika chochote, usikeneke mpaka tone la mwisho.

Miwani ya kinga, koti, kabati la kufyonza mvuke au dirisha lenye hewa ipitayo. Tuendelee.

Kukausha sampuli

Maji ndiyo uchafu wa kawaida kuliko wote. Weka gramu 1 hivi ya salfeti ya sodiamu isiyo na maji kwa kila mililita 10, tikisa, subiri dakika 15. Chembe zikiendelea kushikana mabonge, ongeza. Zikitawanyika kama mchanga mkavu, imetosha. Usitumie kloridi ya kalsiamu kwa alkoholi. Hujiunga nazo na kukupunguzia sampuli.

Kisha chuja. Watu huliruka hili wakidhani chumvi chini ya chupa haina madhara, lakini salfeti hiyo ikipashwa moto huyaachia tena maji iliyoyanyonya, na unaishia kupima ulichotaka kukiondoa.

Njia ya kapilari

Unahitaji neli ndogo ya kioo, upana wa milimita 4 au 5, urefu wa sentimita 8 hivi, iliyozibwa chini. Kapilari ya kupimia joto la kuyeyuka, upana wa ndani wa milimita 1, iliyozibwa upande mmoja. Kipimajoto chenye mgawanyo wa digrii 0.2 au 0.5, pete ya mpira iliyokatwa kutoka bomba jembamba, na beseni la joto.

Beseni ni maji kama unategemea kuchemka chini ya 80. Juu ya hapo tumia mafuta ya parafini hadi 150 hivi, au ya silikoni hadi 220. Nyanda za juu maji hayafai hata kwa propani-1-oli: Nairobi maji yenyewe huchemka kwenye 94.4, nayo propani-1-oli, ya 97.2 vitabuni, hushuka hadi karibu 92, kwa hiyo beseni litatokota palepale unapotaka litulie. Mafuta ya kupikia yaache jikoni. Yanatoa moshi, yananata, na ukitaka kuona viputo vidogo ndani ya neli yanakuwa meusi baada ya siku mbili tatu.

Ziba kapilari kwanza, kabla chupa ya sampuli haijafunguliwa. Ishike kwa pembe ya digrii 45 pembeni mwa mwali, izungushe, mpaka ncha ijikunje kuwa tone dogo. Ijaribu: chovya ncha iliyozibwa kwenye ethanoli. Kimiminika kikipanda ndani, kuna ufa, tupa.

Weka matone ya sampuli kwenye neli mpaka yafike kimo cha sentimita 1.5 hadi 2. Tumbukiza kapilari ukiwa umeigeuza, upande ulio wazi ukae chini ndani ya kimiminika, uliozibwa uwe juu. Hapa ndipo wanaoanza hukosea, kwa sababu wamezoea kupima joto la kuyeyuka ambako kapilari hukaa kinyume chake.

Funga neli kwenye kipimajoto kwa pete ya mpira, sampuli ikae sambamba kabisa na balbu. Pete lazima ikae juu ya mafuta, tena kwa sentimita 2 au zaidi, maana mafuta hupanda yakipata joto, na mpira ukilowa mafuta ya digrii 150 hulainika na neli hutumbukia. Mdomo wa neli ubaki wazi. Ukiuziba, mgandamizo wa ndani si wa hewa tena.

Pasha moto. Mpaka digrii 20 chini ya joto unalolitarajia unaweza kwenda haraka. Baada ya hapo, digrii 2 kwa dakika, na beseni likorogwe muda wote. Kama hujui utegemee nini, fanya mzunguko mmoja wa haraka wa kubahatisha, kisha anza upya na kapilari mpya.

Viputo vya kwanza hutoka kimojakimoja. Hivyo ni hewa ya ndani ya kapilari inayotanuka, usiandike chochote. Ukifika kwenye joto la kuchemka na kulipita kidogo, viputo hubadilika ghafla: hufuatana bila pengo, kama shanga zilizotungwa. Viache hivyo kwa sekunde 15 hadi 20 ili visukume nje hewa yote, kapilari ibaki na mvuke wa sampuli peke yake.

Sasa zima moto, na usiache kukoroga. Joto linashuka, viputo vinapungua, vinakuwa vya kuhesabika, cha mwisho kinaning'inia mdomoni mwa kapilari, kisha kimiminika kinaanza kuingia ndani. Namba iliyopo kwenye kipimajoto wakati huohuo, kiputo cha mwisho kimekoma na kimiminika kinaanza kupanda, ndiyo joto la kuchemka.

Kwa nini wakati wa kushuka, si wa kupanda? Kwa sababu wakati wa kupanda beseni lina joto kuliko sampuli, na sampuli yenyewe inaweza kuwa imepita joto lake la kuchemka bila kuchemka. Wakati wa kushuka, ndani ya kapilari kuna mvuke mtupu. Mvuke huo ukisukuma kwa nguvu kuliko hewa ya nje, viputo hutoka. Hewa ikishinda, kimiminika huingia. Mpaka kati ya hali hizo mbili ndio maana halisi ya joto la kuchemka, na unauona kwa macho. Ndiyo sababu njia hii ya neli mbili za kioo imedumu muda wote huu.

Kushuka kuwe polepole, digrii 1 hadi 2 kwa dakika. Beseni dogo la mafuta hupoa upesi kuliko unavyoweza kusoma. Likifanya hivyo, rudisha moto mdogo. Kabla kapilari haijajaa, pasha tena na urudie. Kimiminika kikishaijaza, itoe na uweke nyingine. Fanya vipimo vitatu. Vikitofautiana kwa zaidi ya digrii 1, kuna tatizo.

Tatizo ni lipi, mara nyingi unalitambua kwa namna vipimo vinavyokosea. Namba ikipanda kila unaporudia, sampuli ni mchanganyiko na sehemu nyepesi inakimbia kupitia mdomo wa neli. Kusipotokea mfululizo wowote wa viputo na kimiminika kikapanda mapema ndani ya kapilari, ncha ya juu haikuzibwa vizuri. Viputo vikiacha ghafla ukiwa bado unapasha, angalia kimo: huenda sampuli imeisha. Namba iliyo juu kwa digrii 2 au 3 wakati vipimo vyote vinakubaliana kwa kawaida ni ya mtu anayesoma viputo vinapoanza badala ya vinapokoma. Namba iliyo chini, ilhali sampuli ni kavu, mara nyingi ni ya aliyechelewa, akasoma kapilari ikiwa imejaa nusu.

Njia ya kukeneka

Chukua chupa ya duara ya mililita 100, sampuli mililita 40, na vijiwe viwili vitatu vya kuchemshia. Vipande vya chungu kisichong'arishwa, vya ukubwa wa punje ya mchele, vinafanya kazi ileile. Kazi yao ni kutoa vitundu vya hewa ambako viputo huanzia. Bila hivyo kimiminika hukaa kimya juu ya joto lake la kuchemka, halafu hujirusha chote kwa mkupuo mpaka ndani ya kondensa, ile neli ya kupozea mvuke. Usitupie kijiwe kwenye kimiminika ambacho tayari kina moto, kwani kitafoka mara moja usoni pako. Poza kwanza. Na kila ukisimamisha uchemshaji, weka vijiwe vipya ukianza tena, maana vitundu vya vile vya zamani vimeshajaa kimiminika.

Mahali pa balbu ya kipimajoto ndipo panapoamua kila kitu: ukingo wa juu wa balbu ulingane na ukingo wa chini wa tundu la tawi linaloelekea kwenye kondensa. Balbu ikiwa juu ya hapo mvuke unapita chini yake na unasoma digrii kadhaa pungufu. Ikiwa chini sana, matone ya kimiminika kilichopita joto huirukia na unasoma zaidi. Kipimajoto kinachosoma sawasawa kina tone linaloning'inia kwenye ncha ya balbu wakati wote. Mvuke na kimiminika vimegusana pale, ndivyo inavyotakiwa. Balbu ikikauka, joto la hita limezidi au sampuli imekaribia kwisha, na namba yoyote unayoiona si ya kuchemka.

Maji ya kondensa yaingie chini yatoke juu. Kwa sampuli inayochemka juu ya 140 ondoa maji, tumia kondensa ya hewa tupu, kwani kioo chenye moto upande mmoja na maji baridi upande wa pili hupasuka. Mfumo uwe na mahali ulipo wazi kwa hewa, kwa kawaida pale chupa ya kupokelea inapounganika. Mfumo uliofungwa kote unaopashwa moto ni bomu.

Rekebisha hita upate tone moja hadi mawili kwa sekunde. Tupa mililita 3 au 4 za kwanza. Kisha andika joto kila baada ya mililita 2, mpaka zibaki 5 kwenye chupa, uache hapo. Kimiminika safi hutoa safu ya namba isiyozidi digrii 1 kutoka mwanzo hadi mwisho. Andika safu yote, 76.9–77.4, wala usichague namba ya katikati iliyokupendeza.

Tofauti moja kati ya njia hizi mbili hufaa kwa uchunguzi. Kama ndani ya sampuli kuna kitu kisichogeuka mvuke, tuseme chumvi, kimiminika chenyewe hupanda joto lake la kuchemka: gramu 58 hivi za chumvi ya mezani ndani ya kilo ya maji huongeza karibu digrii 1. Kapilari itakuonyesha ongezeko hilo, kwa kuwa kipimajoto kinapima beseni. Ukenekaji hautakuonyesha, kwa kuwa kipimajoto kimo ndani ya mvuke, na mvuke hauna chumvi. Kapilari ikisoma juu kuliko ukenekaji wa sampuli ileile, tafuta kilichoyeyuka humo.

Kupata mgandamizo halisi wa hewa

Hapa ndipo makosa makubwa ya nyanda za juu hutokea. Mtu anafungua programu ya hali ya hewa kwenye simu, anaona hPa 1018, anaona hiyo ni karibu sawa na 1013, basi hasahihishi. Namba hiyo imerekebishwa na watabiri iwe kana kwamba mji uko usawa wa bahari, ili ramani zao zilingane. Nairobi haijawahi kuwa na hPa 1018. Kilichopo ni karibu 827, yaani mmHg 620.

Unachotaka ni mgandamizo wa pale mezani pako. Barometa ya ukutani ni sawa kama haikurekebishwa kwa usawa wa bahari, na nyingi zinazouzwa madukani zimerekebishwa. Baadhi ya simu zina kihisi cha mgandamizo ndani. Programu inayosoma kihisi moja kwa moja hukosea kwa hPa 1 hivi, sawa na digrii 0.03, na hilo halina uzito. Zidisha hPa kwa 0.75 upate mmHg.

Kwa kukadiria tu: Dar es Salaam na Mombasa ni karibu 760, Dodoma na Kampala 660 na kitu, Kigali karibu 635, Mbeya 625 hivi, Nairobi 620, Eldoret chini ya 600. Kadirio ni la kukujulisha namba iliyokosewa kabisa, si la kuingiza kwenye hesabu. Soma kifaa siku ya kipimo na saa ya kipimo, kwa sababu katika tropiki mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa mpangilio uleule, juu kabisa karibu saa nne asubuhi, chini kabisa karibu saa kumi jioni, tofauti ya hPa 3 au 4. Hiyo ni digrii 0.1.

Hesabu yenyewe ni ya mkemia Sydney Young:

nyongeza = k × (760 − p) × (273 + t)

p ni mgandamizo kwa mmHg, t ni joto ulilosoma. k ni 0.00010 kwa vimiminika ambavyo molekuli zake hushikamana, kama maji, alkoholi na asidi kaboksili. Kwa vingine, kama asetoni, tolueni, esta na haidrokaboni, k ni 0.00012.

Chukua sampuli yetu. Kipimajoto ni cha zebaki, cha kuzamishwa chote, na kilikaguliwa kikiwa kimezama chote. Kimesoma 77.1. Ukaguzi ulionyesha kinazidisha 0.2 maeneo hayo, kwa hiyo 76.9. Sehemu ya shina kuanzia alama ya 20 hadi 77 ilikuwa nje ya beseni, kwenye hewa ya digrii 32, kwa hiyo zebaki iliyo nje haikutanuka inavyostahili. Nyongeza yake ni 0.00016 × 57 × (77 − 32), yaani 0.4, na tunapata 77.3. Sasa hewa: 0.00010 × (760 − 620) × (273 + 77.3) ni 4.9. Jumla ni 82.2. Propani-2-oli safi ni 82.3.

Ukitumia 0.00012 unapata 83.2. Tofauti ni digrii nzima, na kwa kimiminika kisichojulikana hujui utumie k ipi. Zaidi ya hapo, kwa pengo kubwa la mmHg 140 hesabu ya Young hubaki nyuma kidogo: maji ya Nairobi yanayochemka kwa 94.4 husahihishwa kuwa 99.5, na tolueni inayochemka pale kwa 103.6 husahihishwa kuwa 109.9 badala ya 110.6. Pwani, ambako pengo ni mmHg chache, kasoro hii haionekani.

Kwa hiyo nyanda za juu usitegemee hesabu peke yake. Pima kimiminika kinachojulikana, cha familia moja na kinachochemka karibu na hapo, kwa kipimajoto kilekile, beseni lilelile, saa ileile. Propani-2-oli safi kutoka chupa iliyofungwa ikisoma 77.2 na sampuli yako ikasoma 77.1, umemaliza, bila barometa wala k. Makosa ya shina, ya kipimajoto na ya hewa yamejifuta yenyewe kwa sababu yameingia pande zote mbili.

Kipimajoto chenyewe

Kikague katika sehemu mbili. Barafu iliyopondwa ndani ya maji, iliyokorogwa kwa dakika kadhaa, lazima isome 0. Mvuke wa maji yaliyochemshwa lazima usome joto la kuchemka la maji kwa mgandamizo wa siku hiyo, wala si 100, isipokuwa uko pwani. Kuna vipimajoto vizima vilivyotupwa mikoani kwa kosa la kusoma 95.

Vyenye mstari uliochorwa shinani vimetengenezwa vizamishwe mpaka kwenye mstari huo. Ukivizamisha hapo, usiongeze sahihisho la shina. Vilevile ikiwa ulikikagua kipimajoto kikiwa kimezama kiasi kilekile unachokitumia, sehemu ya sahihisho hilo tayari imo. Vya spiriti nyekundu viepuke: spiriti hutanuka karibu mara sita ya zebaki, kwa hiyo kosa la shina nalo ni mara sita.

Vya zebaki vinazidi kuwa adimu kwa sababu ya Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa ya kupunguza zebaki, ambao uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kuuza nje vingi kati yake. Ukinunua cha kidijitali, chagua chenye kihisi cha Pt100, ambacho hupima joto kwa waya wa platinamu. Cha daraja A hukosea kwa digrii 0.35 ikiwa 100. Waya za kupimia joto za aina ya K, ambazo huja na multimita (vipima umeme) za bei nafuu, huruhusiwa kukosea kwa 1.5 hadi 2.5, na hilo linatosha kukuchanganyia ethanoli na ethili asetati. Kihisi cha chuma kinene nacho huvuta joto kulipeleka juu, kwa hiyo kizamishe angalau sentimita 5.

Namba nzuri isiyo na maana

Joto la kuchemka lililotulia halithibitishi usafi. Ethanoli ya asilimia 95.6 kwa uzito, iliyobaki maji, huchemka kwa 78.2 bila kuyumba tangu tone la kwanza hadi la mwisho, digrii 0.1 tu chini ya ethanoli kavu. Mchanganyiko wa namna hiyo huwezi kuutenganisha kwa kuchemsha wala kuugundua kwa kipimajoto.

Kwa sababu hiyohiyo mtu asijaribu kupima usalama wa chang'aa au gongo kwa njia hizi. Methanoli huchemka kwa 64.7, na wengi huamini ingetoka yote mwanzoni na kuonekana. Haitoki hivyo. Ikiwa kidogo ndani ya ethanoli na maji hutawanyika katika mvuke wa hatua zote, na kipimajoto hakisogei kiasi cha kuonekana. Hiyo ni kazi ya kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha mvuke wa kila kemikali.

Ongeza angalau kipimo kimoja kingine. Ujazito (gramu kwa kila mililita) unatosha kutofautisha ethili asetati (0.902 kwa digrii 20) na alkoholi mbili (ethanoli 0.789, propani-2-oli 0.785). Refraktomita, kifaa kinachopima jinsi kimiminika kinavyopinda mwanga, inatenganisha hizo mbili: 1.361 kwa ethanoli, 1.377 kwa propani-2-oli. Kimiminika kikibadilika rangi au kutoa moshi kabla hakijachemka kinaharibika, na joto la kuchemka kwa hewa ya kawaida hakina. Gliserini hufanya hivyo karibu na 290.

Kwenye daftari andika kwa mtindo huu: 77.3 kwa mmHg 620, Siwoloboff, vipimo vitatu, tofauti 0.3, iliyosahihishwa kwa mmHg 760 ni 82.2, k 0.00010. Namba iliyosomwa isifutwe kamwe, maana atakayekuja kugundua k ilikuwa nyingine ataihitaji. Mabaki yenye klorini, kama klorofomu, yaende kwenye chupa yao peke yao, mengine kwenye chupa ya viyeyusho, na kapilari zilizotumika kwenye kopo la vioo. Ndoo ya taka za kawaida humchoma anayeimwaga.